Pini, Sarafu na Nadhiri: Kisima cha Non katika Pwani ya Wales

Kusini kidogo mwa St Davids, jiji lenye watu wachache kuliko majiji yote ya Uingereza, ardhi ya malisho inateremka polepole hadi kwenye majabali yanayoitazama bahari. Karibu na ukingo wa majabali hayo kuna chemchemi. Maji yake hukusanyika katika kijibwawa kilichofunikwa kwa kuba dogo la mawe, na chini ya maji huonekana sarafu. Mahali hapo huitwa kisima cha Mtakatifu Non. Njia ya miguu inayofuata pwani ya Pembrokeshire kwa kilomita karibu 300, iliyofunguliwa mwaka 1970, inapita jirani yake, na wengi wanaoifuata njia hiyo hukengeuka hatua chache, wakainama, wakaangusha sarafu, wakanuia jambo moyoni, kisha wakaendelea na safari. Baadhi yao hawamjui Non. Wengine hawana dini. Hata hivyo mkono unajua la kufanya.

Kisima hiki kilikarabatiwa mwaka 1951. Tangu hapo kimehesabiwa miongoni mwa vivutio vya pwani hiyo, na kwa maana moja kimekuwa sanaa ya umma: umbo lililoundwa kwa mikono, likawekwa mahali pa wazi, kila apitaye akawa na haki ya kulifikia. Lakini neno ukarabati linahitaji kuulizwa. Kuba la mawe laweza kujengwa upya na fundi katika majira mamoja ya joto. Je, ndilo lililokuwa limeharibika? Historia ya kisima cha Non, ikisomwa pamoja na ya visima vingine vichache vya Uingereza, inaonyesha kwamba kisima cha matamanio ni kazi isiyomalizwa na mjenzi wake. Humalizwa na mkono unaotoa, na hudumu kwa mkono unaotunza. Penye mikono hiyo, hata dimbwi lisilojengewa huwa na heshima yake. Pasipo nayo, kuba zuri ni kifuniko cha maji tu.

Mama, dhoruba na jiwe

Maisha ya Daudi, mtakatifu mlinzi wa Wales, yaliandikwa kwa Kilatini na Rhygyfarch mnamo mwaka 1095, yapata miaka 500 baada ya kifo cha Daudi mwenyewe. Katika maandishi hayo Non, mama yake Daudi, si malkia mwenye jeshi. Ni mwanamwali aliyenajisiwa na Sant, mfalme wa Ceredigion, akapata mimba. Mtawala mmoja wa eneo hilo, aliyetabiriwa kwamba mtoto huyo angemzidi nguvu, alikusudia kumvizia mama siku ya kujifungua. Siku ilipofika dhoruba ikapiga, radi na mvua ya mawe vikawazuia watu wasitoke nje, ila pale alipokuwa Non palikuwa na mwanga. Kwa uchungu akalikamata jiwe lililokuwa karibu naye. Alama za mikono yake zikabaki juu ya jiwe, nalo jiwe likapasuka kwa kumwonea huruma.

Rhygyfarch anataja chemchemi iliyobubujika siku ya ubatizo wa mtoto, ambayo maji yake yalimpa uwezo wa kuona kipofu aliyempakata. Mapokeo ya wenyeji yakaongeza chemchemi nyingine, iliyofumbuka pale pale pa uchungu wa Non, na hiyo ndiyo inayoonyeshwa hadi leo juu ya majabali. Si ajabu kwamba kwa vizazi vingi waliougua macho ndio waliokiendea kisima hiki kwa wingi.

Hadithi hiyo ina uzito unaopita ule wa miujiza. Mwenye kisima ni mwanamke aliyedhulumiwa na mfalme, akawindwa na mtawala, asipate mtetezi miongoni mwa watu. Waliomtetea ni mvua, jiwe na maji. Aliyekwenda kisimani kwake akiwa na shida isiyosemeka barazani alijua anakwenda kwa nani. Hapo palikuwa na usikilizwaji usiohitaji wakili wala ushahidi, na usiomlazimisha mtu kutaja kwa sauti yaliyompata. Ukimya huo wa kunuia, ambao wapita njia wa leo wanaushika bila kujua asili yake, ulikuwa na sababu.

Wala Non hakubaki Wales. Watu wa Wales, Cornwall na Brittany walisema lugha za ukoo mmoja na walivukiana bahari kwa karne nyingi, wakachukuliana watakatifu kama walivyochukuliana bidhaa. Huko Cornwall kijiji cha Altarnun kinabeba jina lake, na Richard Carew, katika kitabu chake kuhusu Cornwall kilichochapishwa mwaka 1602, alieleza jinsi waliorukwa na akili walivyotumbukizwa katika maji ya kisima chake ili watulie. Huko Brittany, katika kijiji cha Dirinon, huonyeshwa kaburi lake, nayo maisha yake yakatungiwa mchezo wa kuigiza kwa Kibretoni. Kila walipotua, wahamiaji walilifunga jina la mama huyo kwenye maji. Msomaji wa Kiswahili anayelijua jina la Kisimayu, ambalo wengi hulifasiri kuwa kisima cha juu, hatashangaa kuona watu wa baharini wakiitambua pwani kwa visima vyake. Chombo huhitaji maji matamu kabla ya kuhitaji soko.

Maji hayachomeki

Katika karne ya 12 St Davids ilikuwa mahali pa hija kubwa. Mapokeo yanasema kwamba Papa Calixtus II aliruhusu safari mbili za kwenda huko zihesabiwe sawa na safari moja ya kwenda Roma. Mahujaji waliofika kwa jahazi walitua katika vihori vya jirani, na kikanisa cha Non na kisima chake vilikuwa miongoni mwa vituo vya ziara.

Utaratibu huo ulivunjwa katika karne ya 16. Mfalme Henry VIII alipojitenga na Roma, waziri wake Thomas Cromwell aliamuru mahali pa ziara pafungwe, na mwaka 1538 ulikuwa mwaka mgumu kuliko yote. Sanamu ya mbao ya Derfel, iliyopendwa sana na watu wa Wales ya kaskazini, ilipelekwa London ikachomwa moto. Huko St Davids, Askofu William Barlow alizitwaa masalia zilizokuwa zimetolewa nje siku ya Mtakatifu Daudi, akamwandikia Cromwell kwa dhihaka kuhusu mafuvu yaliyooza ndani ya fedha na kitabu kilicholiwa na wadudu.

Kisima kilikuwa kesi nyingine. Sanamu huchomwa, masalia hutwaliwa, altare huvunjwa, lakini chemchemi ikizibwa leo hutokea pembeni kesho. Zaidi ya hayo, wanakijiji waliyahitaji maji yale yale kwa kupikia na kunyweshea mifugo. Askofu hakuweza kuwakataza kwenda kisimani, na hakuna aliyeweza kupima nia ya mwanamke aliyeinama na ndoo. Ibada ikapoteza padri na kalenda yake, ikabaki na mwendo wa mkono. Francis Jones, aliyechapisha uchunguzi wake wa visima vitakatifu vya Wales mwaka 1954, aliorodhesha zaidi ya visima 1,100. Idadi hiyo kubwa inaonyesha jinsi amri za mwaka 1538 zilivyoshindwa kuingia majini.

Karibu karne tatu baada ya amri hizo, kisima cha Non kilikuwa bado na wateja. Richard Fenton, mwandishi wa historia ya Pembrokeshire na mzaliwa wa eneo hilo, aliandika mwaka 1811 kwamba yeye mwenyewe alipokuwa mtoto alichovywa humo mara nyingi, na kwamba kila mara ilitolewa sadaka, japo ndogo kama robo peni au pini. Familia hizo zilikuwa za Kiprotestanti. Zilisali kanisani siku ya Jumapili na kumchovya mtoto kisimani siku nyingine, bila kuona mgongano.

Pini ile isidharauliwe. Kwa mtu maskini wa karne ya 18 pini ilikuwa kitu cha madini, chenye kung'aa, kilichonunuliwa kwa fedha na kushikilia nguo mwilini mwake. Kuitoa kulikuwa ni kutoa kitu kilichomgusa. Na desturi hiyo ilikuwa kongwe kuliko Ukristo wenyewe katika kisiwa hicho. Mwaka 1876, karibu na ngome ya Kirumi ya Carrawburgh kwenye ukuta wa Hadrian, John Clayton alifukua kisima cha mungu wa kike Coventina, akakuta sarafu zaidi ya 13,000 pamoja na altare za mawe na vitu vidogo vidogo, pini zikiwamo. Askari waliotoka pande za mbali za dola ya Roma walikuwa wamefanya ugenini kile ambacho mamake Fenton au yaya wake alikuja kukifanya nyumbani.

Sarafu inayotangulia

Katika karne ya 19 jina la mtakatifu lilianza kufifia na neno matamanio likachukua nafasi yake. Bahari yenyewe ilikuwa imepata maana mpya. Mfalme George III alianza kwenda Weymouth, katika pwani ya Dorset, mwaka 1789 ili kuoga maji ya chumvi kwa ajili ya afya yake, na watu wa tabaka lake wakamfuata. Baadaye reli ikawaleta wafanyakazi wa viwandani. Wageni wa mapumziko walihitaji mahali pa kutembelea alasiri, na chemchemi ya Upwey, kijiji kilicho nyuma ya Weymouth, ambayo mapokeo yanasema mfalme huyo aliinywa, ikawa kisima cha matamanio. Wanawake wa kijiji walimpa mgeni bilauri ya maji, akanywa, akamwaga yaliyobaki nyuma ya bega lake huku akinuia, kisha akawapa chochote. Visima vingi vya mapambo vilivyojengwa baadaye katika bustani za ufukweni vilifuata mfano wa aina hiyo: kipaa kidogo, ndoo isiyoteka kitu, na sarafu zinazopelekwa kwenye shughuli za hisani.

Hapa Kiswahili kina neno linalosaidia kuona kilichobadilika. Neno hilo ni nadhiri. Mwenye kuweka nadhiri husema: nikijaliwa jambo hili, nitatoa kile. Akijaliwa, ana deni, na hana budi kuiondoa nadhiri yake. Asipoiondoa, hana amani. Malipo huja baada ya neema, na katikati kuna muda wa kungoja unaomfunga mtu na mahali. Mwenye nadhiri hurudi. Sarafu ya kisima cha matamanio hutangulia. Hutupwa kwanza, matokeo hayadaiwi, na aliyeitupa huenda asipite tena hapo maishani mwake. Ni tendo jepesi, na wepesi wake ndio uliolifanya liwafae wasafiri. Lakini pia limekata uzi uliokuwa ukimrudisha mtu kisimani, na mtu asiyerudi hawezi kuwa mtunzaji.

Kisima kilichouzwa

Kwamba uhusiano ndio wenye kukifanya kisima kuwa kitu chema au kiovu, hakuna ushahidi ulio wazi kuliko kisima cha Elian, katika Wales hiyo hiyo, upande wa kaskazini, jirani na ufukwe wa Colwyn Bay. Nacho kilianza kama kisima cha mtakatifu mponyaji. Kufikia mwisho wa karne ya 18 kilikuwa kimegeuka kisima cha apizo. Mwandishi wa safari Thomas Pennant anasimulia katika kitabu chake kuhusu Wales kwamba mtu mmoja aliyejiona amekosewa naye alimtishia kwenda kwa Elian kumwapiza.

Utaratibu wake ulijulikana. Mwenye kinyongo alimwendea mtunzaji wa kisima na kumlipa. Herufi za kwanza za jina la adui ziliandikwa kwenye karatasi au kuchorwa kwenye kibao cha jiwe jembamba, na jina likatumbukizwa majini; maneno yakasomwa, mlipaji akanywa maji na mengine akamwagiwa. Habari ilipomfikia aliyeapizwa kwamba jina lake liko kisimani, mara nyingi hofu yenyewe ilimlaza kitandani. Hapo naye alikwenda kwa mtunzaji yule yule, akalipa ili jina lake litolewe. Mtunzaji alikula pande mbili.

Mwaka 1829 kisima kilibomolewa kwa amri ya mahakama, na waumini wa madhehebu ya Methodisti ya Kikalvini walikuwa mstari wa mbele katika jambo hilo. John Evans, aliyejulikana kwa jina la Jac Ffynnon Elian, hakukata tamaa. Aliyaelekeza maji kwenye bustani yake na kuendelea na biashara, mpaka alipofungwa jela mwaka 1831 kwa udanganyifu. Wahenga wa pwani ya Afrika Mashariki walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na methali hiyo inamfaa kila aliyeingia katika mkataba huo, anayeapiza, anayeapizwa na anayelipwa.

Maji ya Elian hayakuwa tofauti na maji ya Non. Jiwe lilikuwa la nchi hiyo hiyo, lugha ilikuwa Kiwelsh hicho hicho, na tendo la kutumbukiza kitu kidogo kwa siri lilikuwa moja. Kilichotofautiana ni mtunzaji na hesabu yake. Penye Non hapakuwa na mtu aliyesimama kati ya mnuiaji na maji. Penye Elian siri ya mtu ilikuwa bidhaa mikononi mwa mtu mwingine. Waliokibomoa walidhani wanaiondoa shari kwa kuyaondoa mawe, na Jac aliwaonyesha kwamba mawe hayakuwa na kosa.

Mwaka 1934 na mwaka 1951

Kisima cha Non kilipata bahati ya kupendwa na watu wasiotaka faida. Mwaka 1934 wakili mmoja wa Carmarthen, Cecil Morgan-Griffiths, aliyekuwa na nyumba juu ya majabali hayo, alijenga kikanisa cha Mama Maria na Mtakatifu Non karibu na chemchemi, kwa mawe yaliyookotwa kutoka katika majengo ya kale yaliyoporomoka katika eneo hilo. Kikanisa hicho ni kipya kwa tarehe na cha kale kwa kila jiwe. Mwaka 1951 mapadre Wapasionisti wakakikarabati kisima chenyewe na kukiweka wakfu upya, na hija ikarudi mahali ilipokuwa imekatazwa kwa zaidi ya miaka 400.

Mambo mawili katika kazi hiyo yanastahili kuangaliwa. La kwanza ni udogo wake. Kuba halikuongezwa kimo, maji hayakupelekwa kwenye birika la marumaru, wala magofu ya kikanisa cha kale yaliyo shambani hayakuezekwa ili yapendeze. Magofu hayo yako leo chini ya Cadw, idara inayotunza turathi za Wales, na yameachwa kama yalivyo, kuta fupi katikati ya malisho. La pili ni kwamba ukarabati uliacha mlango wazi kwa wasio wa madhehebu. Kisima kilihuishwa na Wakatoliki katika nchi ambayo wengi wake hawakuwa Wakatoliki, mwaka mmoja kabla pwani hiyo haijatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na hakikuwekewa uzio. Hivyo matumizi matatu yakakutana mahali pamoja bila kusukumana: sala ya mwenye imani, sarafu ya mpita njia, na utafiti wa mwanahistoria.

Kwa maana hiyo kisima cha Non kinalitimiza jina la sanaa ya umma kuliko sanamu nyingi za viwanjani. Sanamu ya jenerali humwambia mpita njia amtazame nani. Kisima humwomba alete kitu chake. Kila sarafu iliyo chini ya maji hubadilisha kidogo kile atakachokiona anayefuata, na hakuna hata mmoja anayetia sahihi. Lakini ni vema kukiri kasoro iliyo ndani yake. Kati ya wengi wanaotupa, ni wachache mno wanaosafisha. Madini huoza majini, majani huziba mkondo, na kazi ya kuviondoa humwangukia mtu ambaye mtupa sarafu hatamwona kamwe. Mwaka 1951 uliwarudisha watoaji. Kuwapata watunzaji ni jambo gumu zaidi, na mfano wake bora uko mbali na bahari.

Sanaa inayonyauka

Katika vijiji vya Derbyshire, katikati ya Uingereza, visima hupambwa kila mwaka. Kijiji cha Tissington hufanya hivyo wakati wa sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Wengine huihusisha desturi yake na tauni ya mwaka 1349, ambayo husemekana ilikinusuru kijiji hicho, na wengine na ukame wa mwaka 1615, ambapo visima vyake havikukauka. Desturi haikukoma maji ya bomba yalipoingia. Ilipata sababu mpya. Mji wa Wirksworth ulianza kuyapamba mabomba yake baada ya maji kuletwa mwaka 1827, na Buxton ikafanya vivyo hivyo mwaka 1840 kumshukuru mkabaila aliyewaletea maji sokoni.

Kazi yenyewe ni ya mikono mingi. Mbao kubwa hulowekwa kwa siku kadhaa ili zisiunyonye unyevu wa udongo. Udongo wa mfinyanzi hukandwa kwa maji na chumvi, ukapakwa juu ya mbao. Mchoro uliotayarishwa kwenye karatasi huhamishiwa udongoni kwa kutobolewa tobo kwa tobo. Mistari yake huwekwa kwa mbegu, maganda ya miti na matunda makavu, kisha nafasi za katikati hujazwa petali za maua, moja moja, kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikilala juu ya nyingine kama vigae ili mvua iteleze. Wazee, watoto na wageni waliohamia kijijini juzi hukaa pamoja usiku na mchana, kwa sababu petali iliyochumwa haisubiri. Mbao husimamishwa kisimani, hubarikiwa, hutazamwa kwa muda wa wiki moja hivi, na zinaponyauka huondolewa. Fedha zinazodondoshwa na watazamaji hupelekwa kwenye hisani.

Hakuna mwenye kuzungumzia kukarabati mapambo hayo, kwa kuwa hayakujengwa yadumu. Kinachodumu ni uwezo wa kijiji kuyatengeneza upya mwaka ujao, na uwezo huo hukaa katika vidole vya watu. Hapa ndipo nadhiri iliyokatika kule ufukweni inapounganika tena. Wanakijiji hurudi kila mwaka kulipa deni la maji, bila hata kukumbuka kwa hakika lilikopwa mwaka gani.

Kinachorudishwa

Suala hili si la Waingereza peke yao, na msomaji wa Kiswahili aliyeko Muscat, London au Columbus ana sababu ya kulifuata. Pwani aliyotoka yeye au wazazi wake imejaa visima vyenye historia ya namna hii. Huko Pujini, kisiwani Pemba, katika ngome inayohusishwa na Mkama Ndume, kisima husimuliwa kuwa kiligawanywa kwa ukuta ili wake wawili wasikutane, mmoja akiteka kwa kamba na mwingine akishuka ngazi. Na chini ya ardhi katika ngome hiyo hiyo kuna chumba chenye umbo la siwa lililochongwa katika lipu ya ukutani. Huko Kaole, jirani na Bagamoyo, wageni huonyeshwa kisima chenye maji matamu karibu na bahari na kuambiwa kwamba hakikauki. Huko Mombasa, kwenye mnara wa Mbaraki, watu wamepeleka marashi na ubani kwa ajili ya haja zao. Majengo hayo sasa ni turathi, yanaandikwa, yanapigiwa hesabu za ukarabati, na wageni wanangojwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Lakini mwenyeji hatapona ikiwa kisima kitatengenezwa kwa namna itakayomfanya yeye awe mtazamaji.

Hatari iko pande mbili, na historia ya Wales imezionyesha zote. Mahali pakikabidhiwa mtu mmoja anayeuza siri na shida za watu, patafuata njia ya Elian, hata kama atawaita wateja wake watalii. Na mahali pakisafishwa mno, pakawekewa uzio na kibao cha maelezo, mama aliyezoea kupitia alfajiri na ubani wake ataona haya kuja, na pamoja naye itaondoka sababu iliyopafanya pakumbukwe. Wasimamizi wa turathi huliona tatizo la kwanza haraka. La pili huwapita, kwa kuwa huja likiwa limevaa nguo za maendeleo.

Sheria ya wakfu, ambayo watu wa pwani na wa Oman wameitumia kwa karne nyingi kwa misikiti na visima, ililielewa jambo hili mapema. Aliyeweka kisima wakfu hakuacha maji peke yake. Alitakiwa kuacha pia msimamizi na njia ya kumlipia fundi wa kamba, ndoo na chokaa, na maji yenyewe yakawa ya kila mwenye kiu. Wakfu uliosahau msimamizi ulikufa, hata ungekuwa na jengo la fahari. Wanakijiji wa Derbyshire wamefikia hekima hiyo hiyo kwa njia ya maua.

Basi kabla fundi hajachanganya chokaa, penye kisima chochote cha pwani kinachongoja ukarabati, yapo maswali matatu ya kuulizwa mbele ya wenyeji: ni nani huja hapa na kwa haja gani, ni nani atakayesafisha baada ya wageni kuondoka, na sarafu inayookotwa itakwenda wapi. Waliokikarabati kisima cha Non mwaka 1951 walilijibu vizuri lile la kwanza. Waliliacha kuba dogo, njia wazi, na maji mahali pake, ili aliyedhulumiwa asiyekuwa na pa kusemea aendelee kuja kwa mwanamke aliyewahi kudhulumiwa kabla yake.